Ya Mjerumani au ya Mwingereza?

Kuanzia Shinyanga hadi Geita, bunduki kuukuu ikitajwa tu, utasikia: "Ya Mjerumani hiyo!" Mimi nasema tusome chuma kwanza. "Mod.71" ubavuni ni Mauser ya 1871, waliyobeba askari wengi wa Mjerumani vita ilipoanza 1914. Baruti yake ilitoa moshi mzito. Ukifyatua, adui keshajua ulipo. Mjerumani aliwapa hiyo makusudi, naona mimi, ni dharau. Taji juu ya "G.R." ni ya mfalme George wa Uingereza. Ila jina la Msukuma au Mnyamwezi aliyeibeba halikugongwa. Na hata hiyo ya George huenda ilimpiga Mwingereza: Novemba 1914 alikimbia Tanga, akaacha bunduki mamia, askari wa Mjerumani wakaziokota.