Kamera ya Video kwa Filamu za Gharama Ndogo: Kuresoi na Nyanda za Juu za Mau

Kamera ya video kwa filamu za gharama ndogo ni kamera ya dijitali ambayo mtu binafsi au kikundi kidogo kinaweza kuinunua au kuikodi bila mfadhili, na ambayo picha zake zinafaa kuonyeshwa ukumbini, kwenye televisheni au mtandaoni. Makala hii inaitazama kutoka Kuresoi, eneo la magharibi mwa Kaunti ya Nakuru linaloegemea Msitu wa Mau, ambalo tangu uchaguzi wa 2013 limekuwa na majimbo mawili ya bunge, Kuresoi Kaskazini na Kuresoi Kusini. Miji midogo ya Keringet na Olenguruone na vijiji vinavyoizunguka viko juu sana, sehemu nyingi zikipita mita 2,300. Mvua ni nyingi, ukungu ni wa mara kwa mara, jua la saa sita ni kali na jikoni mna giza. Mambo hayo yanapaswa kuamua kamera ya kununua kabla ya mtu kusoma lolote lililoandikwa kwenye boksi.

Asili

Kamera hizi zilianza kufikika mwaka 1995, Sony ilipotoa DCR-VX1000. Ilirekodi video ya dijitali kwenye kanda ndogo ya MiniDV, na picha zikaweza kuhamishiwa kwenye kompyuta bila kupoteza ubora. Thomas Vinterberg wa Denmark alipiga filamu ya Festen, iliyotoka 1998, kwa kamera ndogo ya mkononi, na Danny Boyle akatumia Canon XL1 kwa sehemu kubwa ya 28 Days Later, iliyotoka 2002. Jijini Nairobi, watengenezaji wa River Road, ambao tasnia yao ilikuja kuitwa Riverwood, walijenga soko zima kwa kamera za aina hiyo: vichekesho, vingi vya Kikikuyu, vilipigwa kwa siku chache, vikachapwa kwenye diski na kuuzwa madukani na mitaani.

Badiliko la pili lilikuja 2008 na Canon EOS 5D Mark II, kamera ya picha za kawaida iliyoweza pia kurekodi video. Sensa yake ilikuwa kubwa kama fremu ya filamu ya picha za kawaida ya milimita 35, hivyo uso wa mtu ulijitenga na vilivyo nyuma yake kama kwenye sinema. Haikuweza kurekodi zaidi ya dakika 12 hivi kwa mfululizo. Badiliko la tatu ni simu: Sean Baker alipiga Tangerine, iliyotoka 2015, kwa simu za iPhone 5s.

Mfano wenye mafunzo zaidi kwa mtu wa Kuresoi hautoki Marekani. Kisilu Musya, mkulima wa Kitui, alipewa kamera na Julia Dahr wa Norway akarekodi mwenyewe ukame, dhoruba na maisha ya familia yake kwa miaka kadhaa. Filamu waliyoitengeneza pamoja, Thank You for the Rain, ilitoka 2017 na kuzunguka dunia. Sijasikia mtazamaji wake yeyote akiuliza ukubwa wa sensa.

Kazi inayoilisha kamera

Katika Bonde la Ufa kamera ya filamu hailipiwi na filamu. Inalipiwa na harusi, sherehe za mahari (koito za Wakipsigis, ruracio za Wakikuyu), mazishi, harambee za kanisa na video za waimbaji wa injili. Mtu anayenunua kamera kwa ajili ya filamu yake peke yake atakuwa ameiuza kabla ya filamu kwisha, kwa hiyo kamera ifae kazi zote mbili.

Hapo ndipo kikomo cha muda kinapouma. Kamera nyingi za picha za miaka ya 2010 zilikatika zenyewe baada ya dakika 29 na sekunde 59, kwa sababu Umoja wa Ulaya uliitoza ushuru wa kamera ya video kamera yoyote iliyorekodi kwa dakika 30 au zaidi. Mwigizaji anaweza kurudia mstari wake, lakini mzee anayebariki maharusi harudii. Kwa sababu hiyo wapiga video wengi wa harusi hubaki na kamera ya video ya kawaida yenye lenzi moja isiyotoka, mfano Sony HXR-NX100 ya 2015: sensa ya inchi moja, zumu ndefu, soketi za maiki za pini tatu na vichujio vya mwanga vilivyo ndani yake. Haina sura ya sinema kama kamera ya lenzi za kubadilisha, lakini mtu mmoja anaweza kusimama nayo tangu asubuhi hadi jioni bila msaidizi.

Mwanga

Kamera iwekwe kwenye fremu 25 kwa sekunde, na shata kwenye 1/50 ya sekunde. Umeme wa Kenya ni wa hezi 50. Taa zinazoutumia hupepesa mara 100 kwa sekunde, na shata ya 1/50 au 1/100 hufanya kupepesa huko kusionekane. Simu nyingi hutoka kiwandani zikiwa kwenye fremu 30, ndiyo maana video za ndani ya kanisa mara nyingi huwa na mistari inayopanda ukutani. Taa za sola zina tabia yake: baadhi ya zile za bei rahisi hupepesa kwa kasi isiyolingana na chochote, na hazina dawa ila kuzijaribu kabla ya kazi.

Shata ikishafungwa kwenye 1/50, jua la Kuresoi linakuwa tatizo la hesabu. Mchana mweupe, kwa ISO 100, lenzi italazimika kufungwa hadi f/22. Picha hapo hupoteza ukali wake, na kila kitu, kuanzia uso wa mwigizaji hadi mashamba ya viazi ng'ambo ya pili, kinaonekana sawasawa. Anayetaka f/4 lazima apunguze mwanga mara 32, ambazo ni ngazi tano. Njia nzuri ni kichujio cha kijivu mbele ya lenzi. Kuongeza kasi ya shata kunawezekana, lakini mwendo wa watu unakuwa wa kukatikakatika. Kichujio kizuri ni bei ndogo ukilinganisha na kamera, na bado ndicho wanunuzi wengi husahau.

Ndani ya nyumba mambo hugeuka. Jikoni ya kuni yenye kuta zilizopakwa masizi na mlango mmoja wazi ni mtihani mgumu kuliko usiku. Uso wa mama aliyeinama juu ya jiko hauna mwanga, na mlango nyuma yake unawaka. Sensa ndogo itaupoteza uso au itaupoteza mlango. Sensa kubwa, hata ile inayoitwa APS-C, pamoja na lenzi ya f/1.8 isiyo na zumu, huokoa vyote viwili kwa kiasi. Lenzi ya aina hiyo ya milimita 50 ni miongoni mwa lenzi za bei nafuu kabisa za kampuni nyingi. Kama pesa inatosha kitu kimoja kati ya kamera mpya zaidi na lenzi hiyo, nunua kamera ya zamani na lenzi.

Ubora wa 4K una faida moja ya kweli hapa: mhariri anaweza kukata picha ya karibu kutoka kwenye picha pana, na anayefanya kazi peke yake atashukuru. Lakini unadai kompyuta yenye nguvu, na kompyuta hiyo ina bei yake.

Maji na baridi

Ukungu huingia kwenye kamera zaidi kuliko mvua, kwa sababu mtu hukimbia mvua lakini huendelea kufanya kazi ukunguni. Unyevu ukikaa kwenye lenzi kwa wiki kadhaa, utandu wa kuvu huanza kuota kati ya vioo, na kusafisha ndani ya lenzi ni kazi ya fundi wa Nairobi. Dawa yake ni ndoo ya plastiki yenye kifuniko kinachobana, pamoja na vipakiti vya silika vinavyokaushwa mara kwa mara. Kamera iliyotoka kwenye baridi ya alfajiri isifunguliwe jikoni kwenye mvuke wa chai. Iachwe ndani ya mfuko uliofungwa mpaka ipate joto polepole.

Sauti

Mtazamaji huvumilia picha mbaya. Sauti mbaya humfanya azime. Kamera isiyo na tundu la maiki, la milimita 3.5 au la pini tatu, haifai filamu, hata ikiwa na sifa gani nyingine, isipokuwa sauti irekodiwe pembeni. Tundu la pili, la kusikilizia kwa vipokea sauti, lina umuhimu karibu sawa, maana waya uliolegea hauonekani kwa macho. Upepo wa vilele vya Mau unahitaji kifuniko cha manyoya juu ya maiki, si sponji peke yake. Mabati ni adui mwingine: mvua ikianza kunyesha juu ya nyumba ya bati, hakuna maiki itakayoyanasa mazungumzo vizuri, na kikundi chenye akili hupanga maonyesho ya ndani asubuhi, kabla mvua ya alasiri haijafika.

Anayepiga kwa simu na kurekodi sauti pembeni ajihadhari na jambo jingine. Simu hubadilisha idadi ya fremu yenyewe kadiri mwanga unavyobadilika, hivyo sauti na midomo huachana taratibu. Programu inayofunga fremu kwenye 25 huondoa sehemu kubwa ya tatizo hilo.

Stima na kadi

Stima hupotea, na vijiji vingine hutegemea sola. Betri ndogo kama NP-FW50 ya Sony haitoshi siku. Ziwepo tatu au nne. Kamera inayokubali kuchajiwa kwa USB huku ikirekodi ina thamani kubwa hapa kuliko Nairobi, kwa kuwa pawabanki hujazwa popote, hata dukani penye paneli moja. Blackmagic Pocket Cinema Camera 4K ya 2018 hutoa picha nzuri kupita bei yake, lakini humaliza betri ya LP-E6 kwa saa moja hivi, na bila betri kubwa ya nje mtu hatakwenda nayo mbali.

Kamera inayorekodi megabiti 100 kwa sekunde hula gigabaiti 45 kwa saa. Kadi ya gigabaiti 64 hujaa baada ya dakika 85 hivi. Ziwepo diski kuu mbili, moja ya kufanyia kazi na nyingine ilale nyumba tofauti.

Kununua

Soko kubwa liko Nairobi: vifaa vya sauti na waya Luthuli Avenue, kamera katika maduka ya katikati ya jiji. Kamera ya mkono wa pili kutoka ng'ambo ni chaguo la busara ikikaguliwa dukani. Mnunuzi aangalie kwenye lenzi kwa tochi akitafuta kuvu, apige picha lenzi ikiwa imefunikwa ili aone nukta nyeupe za sensa, na arekodi mfululizo kwa muda mrefu, kwa sababu baadhi ya kamera hupata joto na kujizima. Kamera za Sony zilizouzwa kwa soko la Japani mara nyingi huwa na menyu ya Kijapani tu, na bei yake ya chini inatokana na hilo.

Ruhusa

Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, inataka leseni kwa filamu itakayoonyeshwa hadharani. Msitu wa serikali una idhini yake kutoka Huduma ya Misitu ya Kenya, na droni hufuata kanuni za usafiri wa anga za 2020. Idhini ya wenyeji ni suala jingine. Kuresoi na Molo zilikumbwa na mapigano ya kikabila mwaka 1992, na tena baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, kipindi ambacho mwongozaji Judy Kibinge alikitumia katika filamu yake Something Necessary ya 2013. Wazee wengine bado humuuliza mwenye kamera ametumwa na nani. Kamera ndogo haiwatishi watu kama ile ya begani, lakini chifu na wazee wa kijiji waonwe kwanza, kamera ikiwa bado mfukoni.