Mti wa Cawdor na Mfalme Aliyesingiziwa

Wasomaji wa Shakespeare wanaofika ngome ya Cawdor, karibu na Nairn, kaskazini mwa Uskoti, huja na swali moja: Duncan aliuawa chumba kipi? Nililisikia mara mbili kabla sijavuka daraja la kuinuliwa. Chumba hicho hakipo. Duncan alikufa mwaka 1040, vitani, karibu na Elgin; ngome hii ilijengwa zaidi ya miaka 300 baadaye. Hata ndani ya tamthilia yenyewe mauaji yanafanyika Inverness, si hapa.

Kilichopo ni mti. Wanasimulia kwamba bwana wa Cawdor aliota ampakie punda dhahabu, amwachie ajiendee, na popote atakapolala jioni ajenge ngome. Punda akalala chini ya mti, mnara ukajengwa kuuzunguka. Hadithi ya watoto, eti? Basi shuka chumba cha chini: mti umo, mkavu, umezungukwa na mawe. Wataalamu waliupima wakapata umri wake unarudi yapata 1372.

Macbeth mwenyewe hakubahatika kuachiwa hata kisiki. Alitawala miaka 17. Mwaka 1050 alikwenda kuhiji Roma, na mwandishi mmoja wa zama hizo anasema aliwamwagia maskini fedha kama mtu anayepanda mbegu. Mfalme anayeogopa kupinduliwa hathubutu kuacha kiti chake kwa safari ndefu namna ile. Mwaka 1057 Malcolm, mwana wa Duncan, akamuua kule Lumphanan.

Shakespeare aliandika chini ya mfalme James, aliyeamini kwamba ukoo wake unatokana na Banquo. Katika kitabu cha Holinshed, ambacho Shakespeare alikitegemea, Banquo anashiriki njama ya kumuua Duncan. Kwenye tamthilia kasafishwa, mikono haina doa. Nani angemwambia mfalme kwamba babu yake alikuwa muuaji? Na kichekesho ni kwamba wanahistoria wanaona huyo Banquo hakuwahi kuishi. Mtu wa kubuni akatakaswa, mtu wa kweli akapakwa damu.

Usiku ule nilifungua *Makbeth*, tafsiri ya S. S. Mushi ya mwaka 1968. Nilikuwa upande wa mshitakiwa kabisa. Lakini nilipofika pale mke wake anaponawa mikono usingizini, jamani, nilimsadiki Shakespeare kila neno.