Pennsylvania na Aibu ya Kumpiga Kulungu Jike

Mwishoni mwa karne ya 19 mtu angeweza kushinda kutwa nzima katika misitu ya Pennsylvania, Marekani, asione hata unyayo wa kulungu. Miti ilikuwa imefyekwa kwa ajili ya mbao, na nyama ya porini iliuzwa sokoni bila kizuizi. Mwaka 1895 jimbo likaunda Tume ya Wanyamapori. Kulungu wakaagizwa kutoka Michigan na kwingineko, na mwaka 1907 ikatoka sheria ambayo wawindaji waliishika kama dini: piga dume mwenye pembe, jike muache.

Hesabu yake ilikuwa nyepesi. Dume mmoja hupanda majike wengi, kwa hiyo kuua madume hakupunguzi uzazi, na jike aliyeshiba huzaa mapacha. Msitu uliofyekwa nao ulikuwa unachipua upya, kila chipukizi likiwa usawa wa mdomo wa kulungu.

Ikafanya kazi kupita kiasi. Kufikia miaka ya 1920 kulungu walikuwa wengi mno, na majira ya baridi yaliwakuta na njaa. Mwaka 1928 Tume ilifunga msimu wa madume na kufungua wa majike jimbo zima. Wawindaji wakaja juu. Walikuwa wamelelewa wakiambiwa kwamba anayempiga jike si mwanamume, na sasa serikali ileile iliyowafundisha hivyo inawatuma wakampige!

Tangu hapo Tume ilikwenda mbele hatua moja na kurudi nyuma mbili. Kwa miongo kadhaa aliyetaka leseni ya jike alijaza fomu, akaitia katika bahasha ya rangi ya waridi na kuipeleka kwa mweka hazina wa kaunti. Wapo waliozichukua leseni hizo kwa makusudi ili zisitumike, jike mmoja apone.

Msitu ndio uliolipa. Katika eneo la Allegheny, kaskazini magharibi mwa jimbo, watafiti wa Idara ya Misitu ya Marekani walizungushia vipande vya msitu uzio na kuweka ndani kulungu kwa viwango vinne tofauti, kuanzia 10 kwa kila maili ya mraba. Kwa miaka 10 walihesabu miche. Kulungu walipozidi 20, aina za miti wanazozipenda zilianza kutoweka. Penye kulungu wengi zaidi, ardhi ilitawaliwa na kangaga na nyasi, vitu ambavyo kulungu hawavipendi sana.

Mwaka 1999 mzigo wa kusimamia kulungu akatwishwa Gary Alt, mtaalamu aliyejipatia jina kwa utafiti wa dubu. Alizunguka jimbo zima akihutubia kumbi zilizofurika wawindaji, wengine wakimzomea. Vitisho vilizidi hata akawa anavaa fulana ya kuzuia risasi. Kwa mtu anayezungumzia ukubwa wa kundi la wanyama, hilo linatosha kuonyesha jinsi jambo lilivyowauma watu.

Mabadiliko yalipita. Mwaka 2001 misimu ya madume na majike iliunganishwa. Mwaka 2002 ikawekwa kanuni ya pembe: dume asipigwe mpaka awe na ncha tatu upande mmoja, au nne katika sehemu za magharibi. Kabla ya hapo, takriban madume wanane kati ya kumi waliouawa walikuwa wa mwaka mmoja na nusu tu. Kanuni hiyo iliwapa muda wa kukua, na ndiyo iliyowalainisha wawindaji, kwani kila mmoja hutamani pembe kubwa. Leseni nyingi za majike hazikupendwa hivyo, na mwishoni mwa 2004 Alt aliacha kazi.

Kanuni ya pembe ingali inatumika. Bahasha za waridi zilifika mwisho mwaka 2023, leseni za jike zilipoanza kuuzwa kwa kompyuta.