Hesabu ya Chai na Skonzi

  Sogeeni karibu na redio, na kila mmoja awe na daftari na kalamu yake, maana muda si mrefu tutapiga hesabu pamoja.

Somo letu la historia ni habari za kuendesha mkahawa. Huenda mtu akasema, "Mkahawa nao una historia? Si kupika na kuuza tu?" La, ndugu. Kupika ni kazi moja, na kuendesha nyumba ya kulia chakula ni kazi nyingine. Wapishi hodari wengi wamefunga milango, na chakula chao kilikuwa kitamu. Liko swali dogo ambalo humjia kila mwenye hoteli jioni, masufuria yanapooshwa. Swali lenyewe ni hili: kesho nipike kiasi gani?

Andikeni hesabu hii. Mama mmoja hukaanga maandazi 100 alfajiri. Unga, sukari, mafuta na kuni humgharimu shilingi 60 kwa kila andazi. Yeye huuza andazi moja shilingi 100. Yakiisha yote, faida yake ni shilingi 4,000. Lakini siku moja wateja wakanunua 80 tu, na 20 yakalala. Yule mama alidhani hasara yake ni ndogo, kwani yaliyobaki ni sehemu moja tu katika tano. Haya, pigeni hesabu. Gharama ni shilingi 6,000. Mauzo ni shilingi 8,000. Faida ni shilingi 2,000. Nusu nzima ya faida imekwenda na maandazi yale 20!

Kesho yake akaogopa, akakaanga 60. Yakaisha mapema, naye akapata faida ya shilingi 2,400. Lakini waliotaka maandazi 20 mengine hawakuyakuta, wakaenda kwa jirani, na huenda wasirudi tena. Kukaanga mengi mno ni hasara. Kukaanga machache mno ni hasara pia, ila hiyo ya pili haionekani kwenye sinia.

Mama huyu ana meza moja, na wateja wake anawajua kwa sura. Sasa fikirini mtu mwenye mikahawa zaidi ya mia, ambayo yote huletewa mikate na keki kutoka jiko moja kubwa. Yeye atajuaje? Watu wa namna hiyo walikuwako katika mji wa London, na habari zao ndizo tutakazosoma.

Zamani, katika karne ya 19, msafiri katika miji ya Uingereza alipata taabu kupata chakula safi kwa bei ndogo. Nyumba nyingi zilizokuwa wazi ziliuza pombe, na mwanamke mwenye heshima zake hakupenda kuingia humo peke yake. Mwaka 1864 kampuni moja ya mikate, iliyojulikana kwa herufi ABC, ilianza kufungua mikahawa ya chai. Kisha akatokea bwana mmoja, jina lake Montague Gluckstein. Alikuwa mfanyabiashara wa tumbaku, na katika safari zake aliuona upungufu ule wa chakula kwa macho yake. Akawashauri ndugu zake waingie katika biashara ya chakula. Wakakubali, lakini kwa haya kidogo! Kuuza chai waliona ni jambo la chini kuliko kuuza tumbaku, kwa hiyo hawakutaka jina la jamaa litumike. Wakamtafuta Joseph Lyons, naye akawapa jina lake. Kampuni ikaanza mwaka 1887 kwa kuuza chai kwenye maonyesho makubwa katika mji wa Newcastle.

Mwaka 1894 Lyons walifungua mkahawa wao wa kwanza wa chai katika njia ya Piccadilly, katikati ya London. Buli la chai liliuzwa peni 2. Mahali palikuwa safi, chai ilikuwa nzuri, na bei ilikuwa ile ile kwa tajiri na kwa karani. Wanawake waliofanya kazi mjini wakapata mahali pa kukaa bila kusumbuliwa. Mikahawa ikaongezeka mwaka hata mwaka, ikafika mia na zaidi. Katika miaka ya 1920 watumishi wa kike wa mezani walipewa jina la "Nippy", yaani mwepesi wa mwendo, na sare yao nyeusi yenye kitambaa cheupe ilijulikana nchi nzima. Chai nyingine waliyouza ilitoka Afrika, kwa maana Lyons walikuwa na shamba lao huko Lujeri, chini ya mlima Mulanje, katika nchi ya Nyasaland, ambayo sasa ni Malawi.

Chakula chenyewe hakikupikwa katika kila mkahawa. Karibu chote kilitengenezwa mahali pamoja, katika majengo makubwa yaliyoitwa Cadby Hall, magharibi ya London. Huko palikuwa na matanuri ya mikate, keki na pai. Magari yalipakia usiku na alfajiri, yakasambaza mji mzima. Kwa njia hiyo skonzi ya mkahawa huu ilikuwa sawasawa na skonzi ya mkahawa ule, na gharama ya kupika ikapungua. Hapo ndipo ujanja wao ulipokuwa.

Lakini taabu yao pia ilikuwa hapo hapo. Faida ya kikombe kimoja cha chai ilikuwa ndogo mno. Ili kupata fedha ya maana ilipasa kuuza vikombe mamilioni, na kosa dogo likirudiwa mara milioni moja si dogo tena. Skonzi zilizobaki zilikauka. Krimu ilichacha. Tena kila kikombe kilikuwa na karatasi yake, yaani hati aliyoandika mtumishi wa mezani, na kila karatasi ilipaswa kujumlishwa na kulinganishwa na fedha zilizopokelewa. Lyons walikuwa na makarani wengi sana, wengi wao wasichana, waliokaa siku nzima wakijumlisha tu.

Mwaka 1923 Lyons walimwajiri kijana mmoja aliyesoma hesabu katika Chuo Kikuu cha Cambridge, jina lake John Simmons. Yeye aliuliza swali ambalo mabwana wengi wa ofisi hawakuliuliza. Hesabu hizi zote twazifanya kwa ajili gani? Ikiwa msimamizi apata habari za juma lililopita wakati skonzi zimekwisha kutupwa, habari hizo zamfaa nini? Simmons alitaka hesabu imfikie mtu kabla hajaamua, si baada ya kuamua. Kampuni ikaunda ofisi maalumu ya kuchunguza jinsi kazi za makarani zinavyofanywa. Watumishi wake walifuata karatasi moja kutoka meza hata meza, wakaona ni nani aliyeiandika, ni nani aliyeisoma, na kama kuna aliyeihitaji kweli. Mimi nadhani kazi hii ya kufuata karatasi ilikuwa na thamani sawa na mashine iliyokuja baadaye, ingawa vitabu huisifu zaidi mashine.

Mashine ilikuja hivi. Baada ya Vita Kuu ya Pili, mwaka 1947, Lyons waliwapeleka watu wawili Marekani, Raymond Thompson na Oliver Standingford, wakaangalie mambo mapya ya ofisi. Huko walisikia habari za kompyuta, mashine za umeme zilizotengenezwa kwa ajili ya hesabu za kivita na za wataalamu wa sayansi. Waliambiwa pia kwamba nyumbani kwao, Cambridge, Profesa Maurice Wilkes alikuwa akijenga moja. Waliporudi, wenye mikahawa wakakata shauri la ajabu. Wakampa Wilkes pauni 3,000 pamoja na fundi mmoja wa kumsaidia, ili mashine yake iishe upesi. Ilianza kufanya kazi mwezi wa Mei 1949. Wakamwajiri pia mhandisi John Pinkerton, wakajenga ya kwao ndani ya Cadby Hall.

Mashine yao waliiita LEO. Kwetu sisi neno hili ni siku tuliyo nayo, na kwa kweli jina lafaa, lakini wao hawakukusudia hivyo. Ni herufi tatu za mwanzo za maneno ya Kiingereza yenye maana ya Ofisi ya Elektroniki ya Lyons. Ilijaa chumba kizima. Ilikuwa na valvu karibu 6,000, mfano wa zile za redio za zamani, na kumbukumbu zake zilihifadhiwa ndani ya mirija mirefu iliyojaa zebaki. Mwezi wa Novemba 1951 ikaanza kazi yake ya kila juma, nayo ilikuwa kukadiria thamani ya mikate, keki na pai zilizotoka katika matanuri ya Lyons. Hiyo ndiyo inayohesabiwa kuwa kazi ya kwanza ya kawaida ya biashara kufanywa na kompyuta duniani. Haikuanza katika benki wala katika kiwanda cha ndege. Ilianza katika mikate.

Mwaka 1954 likaja jambo lililogusa mikahawa yenyewe. Sikilizeni kwa makini, maana hapa ndipo penye akili. Kila msimamizi wa mkahawa, na wengi walikuwa wanawake, alikuwa na oda yake ya kawaida kwa kila siku ya juma. Jumatatu skonzi kadhaa, Ijumaa pai kadhaa, kufuatana na mauzo yake. Oda hiyo ilikwisha wekwa kwenye kadi zenye matundu ambazo mashine iliweza kuzisoma. Basi msimamizi hakuwa na haja ya kuandika orodha ndefu kila siku. Saa za alasiri alipigiwa simu, akataja mabadiliko tu. Kama mvua imenyesha na watu wamepungua, alisema punguza keki fulani. Kama jirani pana sherehe kesho, alisema ongeza mikate. Karani aliyekuwa upande wa pili wa simu alitoboa kadi hapo hapo akisikiliza. Kisha LEO ikajumlisha mikahawa yote, kiasi cha 150, ikatoa karatasi zilizoonyesha kila jiko lipike nini, na kila mkahawa ufungiwe nini kabla ya magari kuondoka.

Angalieni walivyogawana kazi. Mashine haikujua kama mvua imenyesha, wala haikumwona mteja akisukuma sahani kando. Hayo aliyajua msimamizi. Lakini msimamizi hangeweza kujumlisha mikahawa 150 kwa jioni moja. Kila upande ulifanya unachokiweza, na taarifa ilitangulia kupika.

Wako wasikilizaji watakaouliza, "Na makarani je?" Ni swali la haki. Karani mzoefu alitumia dakika 8 kupiga hesabu ya mshahara wa mtu mmoja, na LEO ilitumia sekunde moja na nusu. Wakati ule Uingereza ilikuwa na upungufu wa makarani, ndiyo sababu jambo hili halikuleta kelele kubwa. Wengine walipata kazi nyingine. Mmoja wao alikuwa Mary Coombs, kijana wa kike aliyefanya kazi katika ofisi za Lyons. Mwaka 1952 kampuni ilifanya mafunzo na mtihani kwa watumishi wake ili kupata watu wa kuandika maagizo ya mashine. Mary alikuwa mmoja wa wachache waliochaguliwa, na hutajwa kuwa mwanamke wa kwanza kuandika programu za biashara. Lakini tusidanganyane, si kila msichana wa kujumlisha aliyepata kiti karibu na LEO.

Sifa za mashine zikaenea. Kampuni ya Ford ikaomba mishahara ya watumishi wake ipigwe hesabu na LEO. Lyons wakaunda kampuni ya kutengeneza na kuuza kompyuta, lakini mwaka 1963 ikaunganishwa na kampuni ya English Electric, na mikononi mwa Lyons haikurudi. LEO ya kwanza ilizimwa mwaka 1965.

Mikahawa nayo haikudumu. Baada ya vita mambo ya watu yalibadilika. Nippy walipungua, wateja wakachukua sinia na kujihudumia wenyewe, na vijana wakapenda vyakula na mahali pengine. Hesabu ya LEO iliweza kusema skonzi ngapi zitakiwe kesho. Haikuweza kuwafanya watu watake skonzi. Mikahawa ilifungwa mmoja mmoja, na kampuni yenyewe, iliyolemewa na madeni ya biashara zake nyingine, ilinunuliwa na Allied Breweries mwaka 1978. Hao walikuwa watengenezaji wa bia. Mkumbuke kwamba Gluckstein alianza kwa sababu msafiri hakupata chakula ila penye pombe.

Mary Coombs aliacha kazi ya kompyuta mwaka 1969, akawa mwalimu wa shule ya msingi. Alifariki mwaka 2022, akiwa na umri wa miaka 93.

Sasa mwalimu atazima redio. Rudieni hesabu ya maandazi, lakini safari hii kila mmoja atumie kitu anachouza au anachonunua mwenyewe, kwa bei za kwenu. Andikeni kilichopikwa, kilichouzwa na kilichobaki, kwa siku 6 mfululizo. Juma lijalo mje na daftari hizo. Kwaherini.