Jiko la Frankfurt na ujenzi wetu wa Nkuhungu

Wadau, tangu serikali ianze kuhamia Dodoma kwa kasi mwaka 2016, huku kwetu Nkuhungu misingi inachimbwa kila kona. Mama naye anajenga, mimi ndiye msimamizi. Ramani ina bafu la kujibana na jiko la mita 2 kwa 2. Jirani analiita kijiko!

Wagogo walijenga tembe: paa bapa la udongo, vyumba vikizunguka ua. Ndani kulikuwa na giza, lakini kutwanga, kupeta na kupiga soga kulifanyika uani. Ua ndio ulioipa nyumba nafasi. Ramani za siku hizi zimeingiza kila kitu ndani, ua umebaki kichochoro.

Aliyelifikiria jiko dogo kwelikweli ni mwanamama msanifu majengo wa Austria, Margarete Schütte-Lihotzky. Mwaka 1926 alichora jiko la takriban mita 1.9 kwa 3.4 kwa ajili ya nyumba za bei nafuu mjini Frankfurt, Ujerumani, na yakajengwa kama 10,000 hivi. Alihesabu hatua za mpishi, akajifunza kutoka majiko ya mabehewa ya treni. Meza ya kazi aliiweka dirishani, ubao wa pasi ukakunjwa ukutani, na mlango mpana wa kuteleza ukafungukia sebuleni, ili mama apike huku akiwaona watoto. Mkuu wa mradi huo, Ernst May, alihamia Tanganyika mwaka 1934 akawa mkulima, kisha akafanya usanifu Nairobi. Yaani elimu hii ilipita mlangoni kwetu!

Lakini tembelea saiti za hapa uone. Mlango wa bafu unafungukia ndani na kumeza nafasi ya kusimama, iliyobaki inachukuliwa na pipa na ndoo za maji ya mgao. Bora mlango ufungukie nje, tangi lipande juu, marumaru ziwe nyeupe.

Kinachonikera zaidi ni dirisha la jiko, tundu tu, eti kwa kuogopa wezi. Gesi ikiisha, mtu anawasha mkaa humo humo, na hewa ya sumu ya mkaa haina harufu. Inaua. Fundi analalamikia gharama ya nondo na wavu. Nimemwambia apunguze urembo wa barazani. Linta inamwagwa Jumamosi, na mama ameshakubali dirisha lipanuliwe.