Kipimo Kilichojifunza Kuuliza "Ni Ipi?"

Katikati ya miaka ya 1950, huko Bethesda, Marekani, daktari Min Chiu Li alikuwa akiwatibu kwa dawa ya methotrexate wanawake wenye saratani inayoanzia kwenye kondo la nyuma. Uvimbe ulikwisha, lakini homoni ya mimba, hCG, bado ilionekana kidogo kwenye mkojo. Li aliendelea kuwapa dawa mpaka homoni ikaisha kabisa. Wakubwa wake waliona anawaumiza wagonjwa bure, wakamwachisha kazi. Historia ilimpa haki: waliokatishwa dawa mapema walirudiwa na ugonjwa, waliotibiwa mpaka mwisho walipona.

Vipimo vya kwanza vya homoni hiyo vilijua kusema "ndiyo" au "hapana" tu: kuna mimba au hakuna. Aschheim na Zondek, mjini Berlin mwaka 1928, walidunga panya mkojo wa mwanamke. Baadaye kazi hiyo ikapewa chura wa Afrika Kusini, Xenopus laevis, aliyetaga mayai ndani ya saa chache mkojo ukiwa wa mjamzito. Kiasi cha homoni hakikujulikana vizuri mpaka 1972, Vaitukaitis, Braunstein na Ross walipobuni kipimo kinachotambua kipande cha beta cha hCG bila kukichanganya na homoni nyingine inayofanana nayo.

Lakini hCG haina sura moja. Chembe zinazojichimbia kwenye ukuta wa mfuko wa uzazi, katika wiki za mwanzo za mimba au katika saratani, hutoa hCG iliyobeba sukari nyingi kuliko kawaida. Laurence Cole aliichunguza kwa miaka mingi, na maabara ya Steven Birken, Chuo Kikuu cha Columbia, ikatengeneza kingamwili inayoishika, B152. Mwaka 2003 watafiti wa kampuni ya Nichols Institute Diagnostics ya California walitangaza kipimo cha hCG hiyo kinachofanywa na mashine tangu mwanzo hadi mwisho.

Faida yake ni kubwa. Baada ya mimba zabibu, yaani mimba ambayo kondo lake huota vibaya na linaweza kugeuka saratani, kusafishwa, hCG kidogo inaweza kubaki kwa muda mrefu bila saratani hai. Aina hii yenye sukari nyingi humwonyesha daktari kama kuna chembe zinazovamia. Kukosea hapa ni balaa: mwaka 2000 jarida la Lancet lilieleza habari za wanawake 12 ambao majibu yao ya hCG hayakuwa ya kweli, na wengi wao walifanyiwa upasuaji au kupewa dawa kali za saratani wasiyokuwa nayo.

Nichols ilifungwa mwaka 2006, na mpaka leo mashine nyingi za hospitali hupima hCG yote kwa pamoja. Naona hiyo ni hasara kwa wanawake. Hata hivyo, kipimo cha kawaida bado kinaokoa maisha kikirudiwa. Dada uliyesafishwa mimba zabibu, hata ukijisikia mzima, usikose tarehe zako za kupima mpaka daktari aseme imetosha.