Wasikilizaji Wasioalikwa: Saa ya Dini katika Idhaa za Umma

Mwezi wa Aprili mwaka 1923, Duke wa York, ambaye baadaye alitawazwa kuwa Mfalme George wa Sita wa Uingereza, alipokaribia kufunga ndoa katika kanisa la kale la Westminster Abbey mjini London, kampuni changa ya utangazaji iitwayo BBC, iliyokuwa haijatimiza hata mwaka mmoja tangu kuasisiwa, iliomba ruhusa ya kuweka vipaza sauti vyake ndani ya kanisa ili wale wasioweza kuhudhuria waisikie ibada ile majumbani mwao. Wakuu wa kanisa walikataa. Sababu inayosimuliwa tangu siku zile ni kwamba walichelea maneno matakatifu yasije yakawafikia watu wasiostahili kuyasikia, hasa wanaume waliokaa katika vilabu vya pombe, ambao wangeyasikiliza pasipo kuvua kofia zao. Kwetu pwani, ambako kofia ni sehemu ya vazi la kuendea msikitini, hoja ya kofia ni ngeni. Lakini hofu iliyoizaa hoja hiyo yamkini kila mcha Mungu ameionja, nayo ni hofu ya kuona kitukufu kikipelekwa mahali pasipo taadhima.

Miaka kumi na moja baadaye, hofu hiyo hiyo ilizuka mjini Cairo. Serikali ya Misri ilikuwa tayari kufungua idhaa ya taifa, na kari aliyetakiwa kuifungua alikuwa Sheikh Muhammad Rifat, mtu asiyeona tangu utotoni, ambaye kisomo chake katika msikiti wa Fadil Pasha kilikuwa kimemfanya ajulikane mjini kote. Sheikh alisita. Aliona kwamba msomaji wa redio hajui nani amsikilizaye wala yu katika hali gani: huenda aya za Mwenyezi Mungu zikasikika mkahawani katikati ya kelele za wacheza karata, au mahali pabaya kuliko hapo. Akawauliza maulamaa wa Al-Azhar, wakamjibu kuwa yajuzu. Na siku ya 31 Mei 1934, sauti yake ikafungua Redio ya Misri kwa aya za mwanzo za Sura ya Al-Fath.

Nimezitaja hofu hizi mbili pamoja kwa sababu naamini kadhia nzima ya dini katika idhaa za umma imo ndani yake. Watu hubishana hadi leo kama chombo kinachoendeshwa kwa fedha ya wote kina haki ya kutenga saa maalumu kwa ajili ya dini, na aghalabu hulipima jambo hilo kwa haki ya waumini upande mmoja na haki ya wasioamini upande wa pili. Mimi, kila nikiisoma tarikh ya mambo haya, naona kwamba faida kubwa kabisa ya saa hiyo ilitoka kwa msikilizaji yule yule aliyeogopwa, ambaye hakukusudiwa wala hakualikwa, naye akayasikia ya mwenziwe kwa sababu tu redio ilikuwa wazi.

Meneja mkuu wa kwanza wa BBC, John Reith, alikuwa mtoto wa kasisi wa Kiskoti, na tangu mwanzo aliitakidi kuwa chombo alichokabidhiwa kilikuwa amana, kisichofaa kutumika kwa burudani peke yake. Usiku wa kuamkia Krismasi ya mwaka 1922, John Mayo, kasisi wa Whitechapel, alitoa waadhi wa kwanza katika matangazo ya kampuni ile. Mwaka uliofuata ikaundwa kamati ya ushauri chini ya Askofu Cyril Garbett, ikiwa na wajumbe wa Kianglikana, wa Kikatoliki na wa makanisa huru. Na hilo si jambo dogo, maana madhehebu hayo, ambayo kwa karne nyingi yalikuwa hayaketi pamoja, yalilazimika kuketi meza moja ili kugawana dakika za redio. Kisha, siku ya Jumapili, 6 Januari 1924, ibada kamili ya kanisani ikatangazwa kwa mara ya kwanza, nayo ilitoka St Martin-in-the-Fields, kwa kasisi Dick Sheppard, ambaye wakati wa vita kuu ya kwanza alikuwa amezoea kuiacha milango ya kanisa lake wazi usiku kwa ajili ya askari na watu wasio na pa kulala. Aliyekuwa amekwisha kuwakaribisha wasioalikwa kwa milango hakuona tabu kuwakaribisha kwa mawimbi.

Walakini saa ya dini isingaliota mizizi kama ingalitegemea mapenzi ya wakubwa peke yao. Katika jimbo la Hertfordshire alikuwako bibi mmoja, Kathleen Cordeux, asiye na cheo serikalini wala kanisani, aliyeanza kuandika barua katika gazeti la Radio Times na kwa BBC yenyewe, akiomba ibada fupi ya kila siku kwa ajili ya wagonjwa, wapweke na watu waliofungwa na udhaifu ndani ya nyumba zao, ambao Jumapili moja kwa juma haikuwatosha na kanisani hawakuweza kufika. Maofisa walisita, naye hakuchoka. Alikusanya sahihi, akaandika tena, akasumbua tena. Hatimaye siku ya 2 Januari 1928, saa nne na robo asubuhi, kutoka studio za Savoy Hill, ikatangazwa kwa majaribio ibada ya robo saa, yenye wimbo, somo na dua. Barua za shukrani zilizofuata zilimaliza ubishi. Ibada ile ya kila siku ingali ikitangazwa hata sasa, takribani karne nzima baadaye, na ni vema kukumbuka kwamba aliyeianzisha alikuwa msikilizaji. Wanaodai kuwa dini iliingizwa redioni kwa amri ya wakuu ili kuwatawala watu wamesahau barua za bibi huyu.

Hayo hayamwondolei Reith lawama. Siku ya Jumapili aliifanya nzito kupita kiasi: saa za kwenda kanisani redio ilinyamaza, na zilizosalia zilijazwa waadhi, mazungumzo ya elimu na muziki wa taadhima, pasipo kicheko wala ngoma. Matokeo yalikuwa wazi. Katika miaka ya 1930, kila Jumapili wasikilizaji wa Kiingereza walizihamia kwa wingi idhaa za biashara za Radio Normandy na Radio Luxembourg, zilizokuwa nje ya mamlaka yake, wakasikiliza nyimbo nyepesi na matangazo ya bidhaa. Aidha, kamati ile iliyowakutanisha Wakristo wa madhehebu makubwa iliwafungia mlango waliokuwa nje ya kile walichokiita mkondo mkuu wa Ukristo, na wasioamini hawakupata nafasi ya kusema hata neno. Saa iliyokuwa ya umma kwa gharama ilikuwa ya baadhi ya watu kwa matumizi, na hiyo ilikuwa dhuluma.

Vita kuu ya pili ndivyo vilivyoizindua. James Welch, aliyeshika uongozi wa idara ya dini ya BBC mwaka 1939, alitambua kuwa wengi wa watu aliokusudia kusema nao walikuwa hawaielewi tena lugha ya makasisi. Kwa hiyo hakumtafuta kasisi. Alimwandikia C. S. Lewis, mwalimu wa fasihi mjini Oxford, mtu aliyewahi kuishi bila ya imani na kurejea; na mwezi wa Agosti mwaka 1941 Lewis akaanza kusema kwa robo saa, kwa maneno ya kawaida, na watu waliokuwa wakingoja kupigwa mabomu. Mazungumzo hayo ndiyo yaliyokuja kuwa kitabu chake mashuhuri cha mwaka 1952, *Mere Christianity*. Mwisho wa mwaka ule ule wa 1941 Welch alianza kutangaza michezo ya kuigiza kumi na miwili ya mwandishi Dorothy L. Sayers juu ya maisha ya Yesu, ambamo wanafunzi na wavuvi walizungumza kama wazungumzavyo watu sokoni. Ghadhabu ikawaka hata kabla ya mchezo wa kwanza kusikika. Vyama vya walinzi wa Jumapili vilishtaki, na suala likafika Bungeni, kwa kuwa sheria ya wakati ule haikuruhusu mtu kumwigiza Yesu jukwaani. Sayers hakubadili lugha yake, michezo ikaendelea hadi mwaka 1942, na wengi waliokuwa hawajafungua Injili tangu utoto waliisikia upya.

Mwaka 1955 ukaleta mtihani wa upande wa pili. Margaret Knight, mwalimu wa saikolojia katika Chuo Kikuu cha Aberdeen, alipewa nafasi ya kusema katika idhaa hiyo hiyo kwamba watoto waweza kufunzwa maadili mema pasipo kufunzwa dini. Magazeti yalimshambulia kwa maneno makali yasiyostahili kuandikwa. Mimi ni mtu wa dini, wala sikubaliani na rai yake. Lakini nasema kwa insafu kwamba siku zile ndipo saa ya dini ya BBC ilipokuwa ya umma kwelikweli, kwa sababu muumini naye alipata kusikia ambayo hakutaka kuyasikia.

Misri ilifuata njia nyingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 zilipogunduliwa nakala za Mus-haf zilizopotoshwa, maulamaa na serikali waliona kwamba kinga madhubuti ni sauti. Na kwa kuwa Sheikh Mahmud Khalil al-Husari alikuwa amekwisha kurekodi Kurani nzima kwa tartili, kisomo chake kikawa msingi wa idhaa maalumu ya Kurani Tukufu, iliyofunguliwa mjini Cairo tarehe 25 Machi 1964. Kazi hiyo ya kuhifadhi ni adhimu, na fadhila zake zimevuka mipaka ya Misri. Lakini idhaa inayosema dini mchana kutwa huchaguliwa na mwenye kuitaka. Asiyeitaka hupita, na yule mtu wa mkahawani aliyemtia wasiwasi Sheikh Rifat hukutana nayo mara chache.

Huko ndiko tulikoelekea nasi, Afrika Mashariki. Katika enzi za idhaa moja ya taifa, mzee wa Kiislamu aliyekaa barazani na redio yake alisikia ibada ya kanisa siku ya Jumapili wakati akingoja taarifa ya habari, na jirani yake Mkristo alisikia mawaidha ya Ijumaa na adhana ya magharibi ya mwezi wa Ramadhani, akajua kuwa mlango wa pili sasa wanafuturu. Hakuna aliyewaalika kusikiliza, wala hawakubadili dini. Walijuana. Tangu sheria ya mwaka 1993 ilipofungua utangazaji wa watu binafsi nchini Tanzania, na Kenya nayo ilipofungua masafa yake, zimezaliwa idhaa nyingi za dini: Radio Tumaini, Radio Maria na Radio Imaan upande mmoja wa mpaka, Radio Waumini, Iqra na Radio Rahma upande wa pili. Zinafanya kazi yake kwa ghera na sina neno juu yake, ila kwamba kila moja huwasomea watu wake. Na mwenye fedha ya kununua masafa ndiye asikikaye, awe mwanachuoni au mlaghai wa miujiza.

Wako wasemao kuwa Katiba ya Tanzania, katika ibara ya 19, imeziweka shughuli za jumuiya za dini nje ya mamlaka ya nchi, na kwa hiyo idhaa ya taifa inyamaze. Sioni hivyo. Kuendesha jumuiya ya dini ni jambo moja. Kuwapa wananchi nafasi ya kusikilizana ni jambo jingine, na chombo cha umma kisipolifanya hilo hakuna kingine kitakacholifanya. Nawaomba basi walioshika dhamana ya mashirika ya utangazaji ya umma, TBC, ZBC na KBC, waihifadhi saa ya dini, wasiiuze hata kwa dakika moja, waikabidhi kwa wahariri wenye elimu ya dini zote zilizomo nchini pamoja na za wachache, wawape nafasi na wale wasio na dini, na waiweke wakati ambapo watu wako macho, karibu na taarifa ya habari, mahali ambapo asiyeitafuta ataikuta.